MTI UKIWA MCHUNGU, NANI AULIZWE?



Katika mahubiri yetu twapenda sana mfano wa mti. Twasema mti hutambulikana kwa matunda yake, na Bwana wetu mwenyewe ndiye aliyelisema neno hilo alipotuonya juu ya manabii wa uongo. Lakini neno hilo likitoka kinywani mwake na kuingia vinywani mwetu, mara nyingi hugeuka kuwa fimbo. Jirani akipatwa na msiba, twamtazama kama mti uliozaa vibaya, tukaanza kuulizana mizizi yake ina nini.

Safari hii napenda tulitafakari jambo hilo kwa kuutazama mti wenyewe, ule wa shambani na wa porini. Wataalamu wamejifunza mengi juu ya namna jua, ukame na hewa vinavyoubadilisha mti, si katika kimo chake tu, bali hata katika yale yaliyomo ndani ya jani na mzizi. Swali langu ni hili: mti ukibadilika hivyo, ukawa mchungu hata ukamdhuru aliyeula, nani aulizwe? Ni mti? Ni aliyeupika? Ni aliyeiharibu hewa akiwa mbali? Au ni sisi tulioona na kupita?

MTI HUJIBU UNACHOPEWA

Mti hauna miguu. Ng'ombe akikosa maji hapa Mugumu huswagwa hadi penye maji. Nyumbu hutoka Serengeti, akafuata mvua hata akavuka mto Mara na kuingia Kenya. Mti hukaa pale pale ulipoota, na jua likizidi hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo silaha zake zote zimo mwilini mwake.

Katika jani mna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Kwa vitundu hivyo mti huvuta hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani na inayotoka katika moshi wa kuni na wa injini. Huichanganya na maji kwa nguvu ya mwanga wa jua, ukapata sukari. Sukari hiyo ndiyo inayojenga shina, gome, jani, tunda na wanga wa mzizini. Lakini kitundu kikiwa wazi kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Wakati wa ukame mti huvifunga vitundu hivyo ili usikauke, na ukivifunga chakula hakiingii. Ni kama mwenye duka aliyefunga mlango kwa kuogopa wezi: haibiwi, lakini hauzi. Ndiyo maana mwaka wa ukame mti haunenepi.

Tena mti wenye njaa hauwezi kwa urahisi kuotesha jani jingine mahali pa lile lililoliwa. Basi kila jani lililobaki lina thamani zaidi, na miti mingi huongeza ukali ndani yake ili walao waliache. Ule ukali wa gome la mgunga unaokaza ulimi, ambao watu wameutumia tangu zamani kulainishia ngozi, ni mojawapo wa walinzi hao. Miiba nayo ni mlinzi. Huko Laikipia, Kenya, tangu mwaka 1995 wataalamu wamezungushia ua sehemu za mbuga ili tembo na twiga wasiingie. Baada ya miaka kadhaa migunga iliyo ndani ya ua ikawa inaotesha miiba mifupi kuliko ile ya nje. Mbegu ni ya aina moja, udongo ni mmoja, lakini mti unaoliwa ulijifunga silaha na mti ulioachwa kwa amani uliziweka chini.

Sasa yako mageuzi mengine ambayo hayana ua wa kuyazuia. Kabla viwanda havijaenea duniani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Leo zimepita 420. Hewa hiyo hushika joto kama blanketi, ndiyo maana dunia inazidi kupata joto, na joto hukausha ardhi upesi zaidi mvua inapochelewa. Hilo ndilo tunaloliita mabadiliko ya tabia ya nchi.

Wako wasemao: ikiwa hewa hiyo ni chakula cha miti, basi na iongezeke, miti ishibe. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Wataalamu wa Afrika Kusini waliotoa habari ya majaribio yao mwaka 2010 walikuza miche ya migunga katika hewa yenye ukaa mwingi, ikakua upesi na kujiwekea akiba kubwa ya wanga mizizini. Mti wenye akiba kama hiyo, moto ukipita, huchipua tena kwa nguvu. Mfugaji ataona hatari yake mara moja, kwa maana vichaka vikishinda, nyasi za ng'ombe hupungua. Tena jani lililolishwa hewa hiyo kwa wingi hujaa wanga, lakini protini yake hupungua, hata mnyama ajaze tumbo na mwili usipate haki yake.

Huko Australia, karibu na mji wa Sydney, msitu wa mikalitusi mikubwa umekuwa ukipuliziwa hewa ya ukaa zaidi tangu mwaka 2012. Wataalamu walipopima, waliona kwamba miti ile ilivuta zaidi kwa kiasi cha asilimia 12, lakini mashina hayakunenepa, kwa sababu udongo wake ni maskini. Ile ya ziada ilipumuliwa tena ikarudi hewani, na miti na vijidudu vya udongoni. Mti haukui kwa hewa peke yake, kama vile mtoto hakui kwa uji mtupu.

Katika hayo yote twaona jambo moja. Mti haujibadilishi kwa kiburi wala kwa ubaya, bali hujibu kile ulichopewa.

YALIYOTOKEA TARIME

Sasa tuje nyumbani. Tuutazame muhogo, ambao katika mkoa wetu wa Mara ni ukuta wa mwisho dhidi ya njaa. Asisitukie mtu nikiuita mti, maana shina lake ni la mti, nao ukiachwa hurefuka kupita kimo cha mwanadamu.

Muhogo una sumu ya kujilinda, nayo ni sianidi. Mzizi ukiwa mzima sumu hiyo imefungwa, haitoki. Mdudu akiutafuna au mtu akiukata, hufunguka. Mihogo mitamu inayo kidogo, na michungu inayo nyingi. Watu hupanda ile michungu si kwa kukosa akili, bali kwa sababu nyani na nguruwe-mwitu huiogopa, hata mwizi naye huiogopa, na anayelima karibu na pori anajua faida ya jambo hilo. Wazee wetu walipata njia ya kuifanya iwe chakula. Humenywa, hurundikwa na kufunikwa hata ikaota ukungu, hukwanguliwa, huanikwa juani hata ikauke kabisa, ndipo hutwangwa ukapatikana unga wa udaga. Kazi hiyo yataka siku nyingi, na siku hizo ndizo dawa yenyewe, kwa kuwa sumu hutoka polepole.

Ukame ukija, mambo mawili hutokea pamoja. La kwanza ni la mti. Muhogo ulionyimwa maji huongeza sumu yake. Katika majaribio ya karibuni, sumu ya mizizi iliyokosa maji ilipanda mara kadhaa, na mimea ile ilipomwagiliwa tena, sumu ikashuka. La pili ni la nyumba. Mahindi yamekauka, maharage hayapo, maziwa yamepungua, ghala ni tupu. Mama hana siku nyingi za kungoja udaga. Anazifupisha, kwa sababu watoto wanalia leo.

Ndivyo ilivyokuwa katika wilaya ya Tarime mwaka 1985, baada ya ukame. Watu waliokuwa wazima, wengi wao watoto na kina mama, walishikwa ghafula. Miguu yote miwili ilikakamaa wasiweze kutembea kama kwanza. Akili zao zilikuwa timamu kabisa. Ugonjwa huo ukishampata mtu hauzidi, lakini pia hauondoki, nao huweza kumwacha na fimbo au magongo maisha yake yote. Madaktari Howlett na Brubaker, pamoja na Mlingi wa nchi yetu na Rosling wa Sweden, waliwachunguza wagonjwa hao na kutoa habari yao mwaka 1990. Ugonjwa huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako Trolli aliuandika mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000, nako pia kulikuwa na ukame. Baada ya mwaka 2000 umeonekana tena hapa Tanzania, katika mkoa wa Mtwara.

Sisemi kwamba ukame ule wa Tarime uliletwa na moshi wa viwanda. Ukame ulikuwako tangu siku za Yusufu huko Misri. Nasema kwamba Tarime ilituonyesha mapema, kwa miili ya watu wetu wenyewe, jinsi hali ya anga inavyoweza kuingia ndani ya mti, kutoka katika mti ikaingia chunguni, na kutoka chunguni ikaingia miguuni mwa mtoto. Kila joto linaloongezeka duniani laufanya ukame kuwa mkali zaidi unapokuja. Basi jambo hili si habari ya kale.

TUSIWATAFUTE WENYE HATIA MAHALI WASIPO

Tuanze kuuliza. Je, mti una hatia? Hapana. Sumu ile ni ngao yake. Mungu aliyempa nungunungu miiba aliupa na muhogo sianidi. Tena yale majaribio ya kumwagilia yanatufundisha kwamba uchungu ule ulioongezeka haukuwa tabia yake ya milele. Ulipopata maji ulipungua. Lau tungeuona siku ya ukame tu, tungesema ni mti mbaya, nasi tungekuwa tumekosea.

Je, mama aliyepika ana hatia? Hapa ndipo pagumu, maana mikono iliyoutoa muhogo ule shambani na kuusonga ni yake. Wala hakuwa mjinga, maana kazi ya udaga aliijua kuliko madaktari wote. Lakini mtu hubeba hatia ya jambo alilokuwa na nafasi ya kulikataa. Mwenye magunia matano ghalani akimpa mtoto wake muhogo usiokauka ni mzembe, naye astahili kukemewa. Asiye na kitu alikuwa akichagua kati ya njaa iliyo mlangoni na hatari iliyo mbali. Alichagua kama ambavyo wengi wetu tungechagua. Kumwita mzembe ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuanguka.

Na lile jambo la tatu, tunalolijua sote ijapokuwa hatulisemi kanisani. Mtu mzima anapolemaa ghafula bila kuanguka wala kupigwa, ni rahisi minong'ono ianze. Karogwa. Kavunja mwiko. Baba yake alikula kiapo. Fungueni Injili ya Luka mlango wa 13, mkaone jinsi Bwana alivyowajibu watu wa namna hiyo. Walimletea habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliwauliza kama waliokufa walikuwa wakosaji kupita wengine wote wa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha aliwageuzia neno waulizaji wenyewe, akawataka watubu.

Angalieni kinachofuata katika mlango huo huo. Ni mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alikuja miaka 3, akakosa tunda, akataka ukatwe. Mtunza shamba hakubishana naye juu ya ubaya wa mti. Aliomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Mwenye shamba alitazama mti ulitoa nini. Mtunza shamba alitazama mti ulipewa nini. Nadhani Bwana aliziweka habari hizo mbili pamoja ili tusiwatazame watu kwa jicho la yule wa kwanza peke yake.

WALIO MBALI

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna wa kuulizwa. Tunao mithali usemao, mchuma janga hula na wa kwao. Siku hizi mithali huo umepinduka, kwa kuwa wako wanaochuma janga na wengine wanaolila. Kwa wastani Mtanzania mmoja hutoa hewa ya ukaa isiyofika nusu tani kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe anayotumia. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Lakini si mama wa Marekani anayehesabu siku za kukausha udaga huku mtoto akilia.

Mtu aweza kusema: hao hawakukusudia. Aliyewasha gari lake Chicago hakuwa na nia ya kuutia muhogo wetu uchungu. Neno hilo ni la haki, nasi tulipime kwa mfano ulio jirani yetu, katika hifadhi ya Serengeti.

Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu. Baadaye ng'ombe wa watu wanaoizunguka Serengeti walichanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukawatoka nyumbu. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 walipita 1,300,000. Walikula nyasi nyingi, kwa hiyo mioto mikubwa ya kiangazi ikapungua, na mioto ilipopungua miche ya miti ikapata kukua. Sehemu kubwa za Serengeti zikaota miti ambayo haikuwako. Mfugaji aliyemshika ng'ombe wake achomwe sindano alitaka maziwa tu, wala hakuwa akipanda msitu. Lakini mkono wake ulikuwamo katika kuuotesha.

Basi twaona kwamba matendo yetu yana mikono mirefu kuliko macho yetu. Yule mfugaji hastahili kusifiwa kwa msitu asioujua, na mwenye gari wa miaka ya zamani hastahili kuhukumiwa kwa uchungu asioujua. Lakini kutojua kuna mwisho wake. Mwaka 1896 Arrhenius, mtaalamu wa Sweden, alikwisha kupiga hesabu kwamba hewa ya ukaa ikizidi dunia itapata joto. Mwaka 1988 mataifa yaliunda jopo la wataalamu wa kulichunguza jambo hilo. Mtu akiambiwa kwamba maji ya bomba lake yanabomoa ukuta wa jirani, na bado akaliacha wazi, hawezi tena kusema hakukusudia. Tangu siku ya kuambiwa, kutofunga ni tendo.

Kwa hiyo sioni kwamba fedha zinazotolewa na nchi tajiri kwa ajili ya ukame na mafuriko ya nchi maskini ziitwe sadaka. Mwezi wa Novemba mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Huo ni deni linaloanza kukubaliwa, na deni hulipwa kwa kipimo kingine kuliko sadaka. Sadaka mtu hutoa apendavyo moyoni. Deni hutoa awiwalo.

NA SISI JE?

Hapa, wapendwa, pana mtego. Tukishawapata wenye deni kubwa walio mbali, twaweza kukaa kivulini tukidai. Bwana aliwageuzia neno waulizaji, nasi atatugeuzia.

Moshi wetu ni mdogo, na asitokee mtu wa kutuambia kwamba tanuru la mkaa la hapa kwetu ni sawa na kiwanda cha chuma cha Ulaya. Lakini mti uliokatwa mlimani haujali aliyeukata ni tajiri au maskini. Moto unaowashwa porini kwa uvivu huua miche ya miaka 3 kwa saa moja. Kijito kilichonyolewa kingo zake hukauka mapema, na mashamba yaliyo jirani hukauka nacho. Haya twayafanya tukiwa tunajua. Tena baadhi yetu tuna magunia ghalani mwaka ambao jirani hana.

Na hapa ndipo sayansi ya muhogo inapolihubiria kanisa vizuri kuliko mimi. Mwili wa mwanadamu unao uwezo wa kuivunja sumu ile kidogo kidogo na kuitoa, lakini kwa kazi hiyo wahitaji vitu vinavyopatikana katika chakula cha protini, kama maharage, dagaa, maziwa na mayai. Anayekula muhogo mtupu siku baada ya siku hana cha kujitetea nacho. Basi kibaba cha maharage unachompelekea jirani wakati wa ukame si cha kujaza tumbo tu, ni ngao ya miguu ya watoto wake. Na debe la mahindi linampa mama siku za kungoja udaga wake ukauke. Kumpa mtu chakula wakati huo ni kumpa nafasi ya kuchagua, na bila nafasi hiyo hatuna haki ya kumwuliza kwa nini alichagua vibaya.

Iko pia njia nyepesi iliyoonekana kufaa sehemu nyingi, nami naiandika ili kina mama wa Umoja waieneze. Unga wa muhogo uliokwisha kutwangwa utiwe maji na kukorogwa hata ulowe wote, kisha utandazwe juu ya mkeka au sinia, unene usiozidi ncha ya kidole. Uachwe saa 2 juani, au saa 5 kivulini, ili sumu iliyobaki itoke hewani. Halafu usongwe ugali siku hiyo hiyo. Haiondoi haja ya kuvundika na kuanika vizuri, bali inaongeza usalama mwaka mbaya.

Juu ya kupanda miti, Kanisa letu la Anglikana duniani lilikubali mwaka 1990 kwamba kuutunza uumbaji ni mojawapo ya alama tano za utume wetu, na katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 2022 ulizinduliwa mpango wa kupanda na kutunza misitu katika Ushirika wetu wote. Ni jambo jema, nasi tulifuate. Lakini tukumbuke msitu ule wa Australia. Mti haushibi hewa tu, wataka udongo, maji na mtu wa kuutazama. Mche uliopandwa siku ya sherehe mbele ya wageni, ukaachwa uliwe na mbuzi wiki ijayo, si utii. Afadhali kila nyumba iwe na miche mitano iliyozungushiwa miiba na kumwagiliwa hadi mwaka wa tatu, kuliko usharika mzima kupanda elfu moja na kwenda zake. Mtunza shamba wa Injili hakuahidi kupanda mtini mwingine. Aliahidi kuupalilia ule uliopo.

MAJI YA MARA

Jina la mkoa wetu limetoka katika mto wetu, nalo halina uhusiano na Biblia. Lakini msomaji wa kitabu cha Kutoka mlango wa 15 hawezi kulipita bila kusimama. Wana wa Israeli walifika mahali paitwapo Mara, wakakuta maji machungu yasiyonyweka. Walimnung'unikia Musa, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatia uchungu. Musa hakupoteza muda kujitetea. Alimlilia Bwana, na Bwana akamwonyesha mti. Alipoutupa majini, maji yakawa matamu.

Huko Mara ya jangwani mti uliponya maji. Huku Mara yetu, maji yakikosekana, mti ndio unaotiwa uchungu. Yatupasa kulia kama Musa, kisha tufanye kama yeye, tukichukua kilichoonyeshwa na kukitia pale penye uchungu. Tumeonyeshwa mengi: maharage, maji, siku za kungoja, mche uliozungushiwa miiba, na sauti ya kuwadai wenye deni bila kuwachukia.

Basi mti ukiwa mchungu, nani aulizwe? Usiulizwe mti. Asiulizwe kwanza aliyekula, wala aliyepika akiwa hana kitu. Aulizwe kila mmoja kwa kadiri ya alivyojua na alivyoweza, tajiri wa mbali kwa kipimo chake kikubwa, na sisi kwa kipimo chetu. Ukame ujao ukifika, tusingoje kusikia kwamba fulani miguu imefungwa ndipo tuanze kuulizana alifanya nini. Tumtangulie mlangoni tukiwa na kibaba mkononi.

Bwana atupe macho ya yule mtunza shamba. Amina.